Usiweke Pahali pa Mvua

Kamina, mchana, siku moja kabla ya train yako

Numbi mwanangu,

Unisamehe kwa kuchelewa. Barua hii ilipaswa kuandikwa ulipokuwa na miaka kumi, na leo una kumi na sita. Miaka sita yote hiyo kalamu ilikuwepo, madaftari yako ya zamani yalikuwepo, na wewe mwenyewe ulikuwepo, umelala kwenye mkeka kando yangu, lakini sikuandika wala sikusema. Kila mara nilijiambia kesho, akishakula. Kesho, akirudi masomoni. Kesho, mvua ikishapita. Sasa kesho zangu zimekwisha. Iliyobaki ni ya train.

Umetoka asubuhi kuaga watu, na najua utachelewa, maana kila nyumba itakukalisha chini na kukuwekea sahani ya bukari. Wadogo zako wamekufuata kwa sababu hiyo hiyo ya bukari. Nyumba iko kimya. Mihogo inakauka juu ya bati, na mimi nimekaa mlangoni, valise yako ya safari mbele yangu. Sikutaka kukuchunguza. Nilitaka tu kukunja upya kile kikwembe cha maua mekundu, kwa sababu wewe unakunja nguo kama mtu anayekimbia mvua. Ndani ya kikwembe nikakuta kitambaa cha bluu cha baba yako, kile cha kufutia jasho, na ndani ya kitambaa, sigara tatu.

Sikukasirika. Hilo nataka ulijue mbele ya mengine yote. Nilizishika, nikazinusa, na gare yote ya train ikaniingia puani: mafuta ya mazout, samaki, mikate, vumbi lililomwagiwa maji. Nikazirudisha pale pale, nikakunja kitambaa, nikakunja kikwembe juu yake. Kisha nikatafuta kalamu.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Kumsalimia mama mkubwa huko Likasi, unakokwenda kusomea ualimu, unajua. Kuficha tikiti unajua. Kama nimekulea miaka kumi na sita na bado hujui kuosha sufuria ya watu bila kuambiwa, karatasi haitakufundisha. Ninayotaka kuandika ni mengine, na yanaanzia kwenye gare.

Unajua baba yako alikuwa fundi kwenye depo ya reli, na kwamba mikono yake ilinuka mazout hata siku ya Mungu. Usichojua ni jinsi alivyokuwa mzuri kumtazama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, kama wewe sasa, nimetoka kwa masista nikiwa na miaka sita ya masomo na miwili ya kushona, na yeye alikuwa amesimama juu ya locomotive, sigara mdomoni, akiongea bila kuitoa. Niliona ni ajabu, mtu kuongea vile na sigara isianguke. Nilimpendea ule mdomo. Sasa nikikumbuka nacheka, lakini njo ilivyokuwa.

Ulipozaliwa tukakupa jina la mama yangu, ndiyo maana mpaka leo nakuita mama. Ulipofika miaka saba, mishahara ya depo ikaanza kuchelewa kama train zenyewe, nami nikaamua kuuza kitu. Sikukurupuka. Nilikwenda gare wiki mbili kutazama tu. Mwenye mikate, train ikichelewa siku tatu, mikate inakuwa mawe. Mwenye samaki wa Mulongo, siku ya pili samaki wanaanza kutangaza wenyewe kwamba wapo. Mwenye sigara alikuwa amekaa kwenye kivuli anasuka nywele. Sigara inangoja.

Papa Shabani njo alinipa katoni ya kwanza. Unamkumbuka, yule mfanyabiashara wa kofia nyeupe ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alinisifia bidhaa yake mbele ya baba yako.

"Mama Numbi, hii kintu haiozake, haiombake chakula, haipigake kelele. Iko muzuri kupita bwana."

"Papa Shabani, minyi niko hapa nyuma, nasikia," baba yako akasema.

"Njo maana nimesema kwa nguvu."

Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Hata siku hiyo alikohoa, Numbi. Alikuwa kijana.

Kisha viberiti vikakosekana. Wewe ulikuwa na miaka minane. Katika magazeni yote ya Kamina hapakuwa na kiberiti, na abiria alitaka sigara yake iwe na moto tayari. Wengine walijaribu kubeba makaa kwenye kopo, lakini mtu akiinama kutoka dirishani anaungua vidole, na cheche moja ilitoboa kikwembe kipya cha bibi ya sergent, ukawa mukelele wa siku nzima. Basi tukagundua kulinda moto. Sigara moja inawashwa nyumbani kwenye jiko, na haizimwi tena: ikikaribia kwisha inawasha nyingine, na ile nyingine inawasha za wateja. Lakini sigara iliyoachwa peke yake inalala. Inahitaji mdomo.

Mwanzoni ulikuwa mdomo wangu. Umesahau? Mwaka mzima mama yako alivuta mbele ya watu wote wa gare, na hakuna aliyeona ni aibu, kwa sababu ilikuwa kazi. Lakini mikono yangu miwili ilikuwa na beseni la sigara na karanga, na train haikumngoja mtu. Umeshajua yaliyofuata. Nikakukalisha kwenye kile kipande cha zege karibu na bomba la maji, na sandali zako za plastiki za kijani, nikakuwekea moto mkononi.

"Vuta kidogo tu," nilikuambia. "Uache ndani ya mashavu. Usimeze."

Niliamini hivyo. Niliamini kwamba asiyemeza hajavuta, kama vile mtu anayeonja chumvi ya mboga hajala. Na wewe ulivuta hivyo hivyo, umefumba macho, mashavu yamejaa, kama mpishi anayeonja mchuzi wa wageni.

Unakumbuka ule muda? Train ya kutoka Kasai inaingia na locomotive ya mazout, wanaikata, wanaleta ya umeme ya kwenda kusini, wanaifunga. Kukata na kufunga: hapo katikati njo palikuwa shamba letu. Askari wa Base, ile kambi yao kubwa, walikuwa wanashuka mbele hata magurudumu hayajasimama, wanaimba kwa lugha zao zote, na wanaita, "Kamama ka moto iko wapi?" Na wewe unajibu kutoka kwenye zege lako, "Iko huku, papa, usianguke!"

Nitasema ukweli, na usinihukumu haraka: ilikuwa miaka yangu mizuri kupita yote. Jioni, wadogo zako wakiwa bado kwa jirani, tulirudi sisi watatu tukifuata reli, beseni likiwa jepesi, wewe juu ya mabega ya baba yako. Alikuwa anageuza uso, ananusa magoti yako, nywele zako, anasema, "Huyu mutoto ananuka kazi." Na wewe ulifurahi. Nikiota mpaka leo, naota ile njia. Sioti kitu kingine chochote.

Sasa ile pakiti.

Ulikuwa unakusanya pakiti tupu, unazikunja vipande vipande na kuzisuka kuwa vikoba vya kuwekea karanga. Siku moja mzungu mmoja mwenye ndevu, msafiri tu, alikutupia pakiti yake kutoka dirishani. Rangi zilikuwa zile zile za pakiti zilizokuwa ndani ya beseni langu. Jina lile lile. Lakini ulinijia mbio nayo.

"Mama, hii iko na maneno hapa ku mbavu. Ya kwetu haina."

Ukafuata kwa kidole kama mwalimu wako alivyokufundisha. Ta-bac. San-té. Ukaniuliza, "Mama, banaandika nini?"

Numbi, niliyasoma. Kifaransa cha masista kilitosha. Yalikuwa maneno machache, madogo kama sisimizi, na yalisema kwamba tumbaku inaharibu afya ya mtu. Niliyasoma mara mbili. Locomotive ilikuwa inakatwa, watu wawili walikuwa wananiita kwa jina, na wewe ulikuwa unaningoja, moto mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja.

Nikakuambia, "Inasema usiweke pahali pa mvua."

Ukaamini. Kwa nini usiamini? Ukarudi kwenye zege lako, na kuanzia siku ile kila mteja uliyempa moto ulimpa na shauri: "Papa, usiweke pahali pa mvua, eh!" Gare yote ililipenda neno hilo. Kuna sergent wa Base, yule mwenye pengo, alikuwa anakupigia saluti: "Ndiyo, komanda!" Watu waliokuwa wamekaa juu ya mizigo yao walicheka mpaka wanashikana. Na mimi nilicheka pamoja nao. Naandika hili kwa herufi zilizonyooka ili ulisome vizuri: nilicheka.

Ile pakiti nilimpelekea Papa Shabani. Aliichukua, akaweka ya kwetu kando yake juu ya meza, akatazama moja, akatazama nyingine.

"Kule kwabo serikali inabalazimisha kuandika," alisema. "Huku nani atabalazimisha?"

"Na weye, papa, unavutaka?"

"Minyi? Apana. Na batoto bangu nimeshabaambia: nikiona moshi ku pua ya mumoja, atalala inje na mbuzi."

"Sasa juu ya nini unatuuzishia siye?"

Alinyoosha kofia yake, ingawa haikuwa imepinda.

"Na weye, mama, juu ya nini unabeba?"

Tukabaki tunatazamana kama watu wawili waliokutana dirishani mwa nyumba isiyo yao. Kisha alinipa karanga kiganja kimoja, kama unavyompa mtoto, na katoni mbili. Nikazibeba. Pakiti nikaificha ndani ya kopo la vifungo vya kushonea, ambako nilijua huwezi kutia mkono.

Mwaka uliofuata, redio ya jirani ilisema jambo ambalo sijalisahau. Nilikuwa nasonga bukari na mwiko ulisimama wenyewe. Redio ilisema wakubwa wa afya wa dunia wameomba watu wote, wa nchi zote, waache sigara siku moja tu. Ilisema kwamba kuna nchi zimekataza kutangaza sigara, nyingine zimekataza kuvuta ndani ya ndege na ndani ya hospitali, na kwamba kwa vile watu wa kule wanaanza kupunguza, wenye viwanda wanawatafuta watu wa huku. Wa huku ni sisi, nikajiambia. Nilijisikia vibaya na tena nilijisikia mkubwa. Mahali fulani ambapo sitafika, ndani ya nyumba yenye viti vizuri, watu walikuwa wamekaa wanazungumza juu ya beseni langu, na hawakujua hata kama lina tundu.

Siku hiyo ilipofika, nikajaza beseni karanga tupu. Wewe nilikuambia leo hakuna moto, ukakaa kwenye zege lako na mikono mitupu, hujui uiweke wapi. Train ikaingia. Yule sergent mwenye pengo alikuwa wa kwanza kushuka.

"Kamama ka moto, moto iko wapi?"

"Leo hakuna," nikamjibu mimi. "Redio imesema dunia yote leo haivuti."

Aliwageukia wenzake, akanigeukia tena.

"Dunia gani, mama? Siye tuko Kamina."

Vagoni nzima ilicheka. Hata baba yako, aliyekuwa anapita na ufunguo wake mkubwa wa kukazia nati begani, alicheka. Nilivumilia mpaka walipokata locomotive. Mbele hawajafunga ile nyingine, nilikuwa nimeshakimbia kwa Papa Shabani na kurudi na katoni kifuani. Wewe ulipiga makofi uliponiona. Ulifikiri tumeponyoka adhabu.

Ninaporudia mambo haya kichwani, sijichukii kwa ule uongo wa kwanza kama ninavyojichukia kwa mchana ule. Uongo wa kwanza ulitoka haraka, mtu anaweza kuteleza. Lakini siku ile niliondoka nyumbani nikijua, na nikarudi kuuza nikijua, kwa sababu watu walicheka. Kumbe naogopa kuchekwa kuliko ninavyoogopa kukosea. Jiangalie hapo, mama. Una damu yangu.

Baba yako kikohozi chake alikiita vumbi la depo, nasi tukakiita hivyo. Wewe ulikuwa na miaka kumi alipoanza kukonda. Mkanda wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari, akatoboa jingine. Munganga wa hospitali akasema ni mapafu, na akasema asiguse sigara tena, hata moja. Nikarudi nyumbani nikaziondoa zote, hata vile vipande alivyokuwa anaweka juu ya dirisha. Hakuzipata tena kutoka kwangu. Lakini kesho yake, train ilipoingia, nilikuwa gare. Mume wangu nilimnyima, waume wa wengine nikawauzia.

Najua unajua ninakokwenda sasa. Ningependa ningekuwa nakusemea haya nimekushika mkono.

Ile siku nilikuacha nyumbani umtazame baba yako, na train ilikwama Kabondo-Dianda, wakatutangazia kwamba haitafika. Nikarudi mapema. Nikasikia baba yako anacheka nyuma ya jiko, na nikashangaa, kwa sababu ilikuwa imepita miezi bila kicheko. Nikazunguka ukuta. Alikuwa amekaa juu ya kile kinu kilichopasuka, blanketi mabegani katikati ya jua. Wewe ulikuwa umepiga magoti mbele yake. Macho umefumba, mashavu umejaza. Ukaitoa sigara mdomoni, ukamwekea kwenye vidole vyake, ukamwambia, "Papa, usiweke pahali pa mvua, eh!" Njo kilichokuwa kinamchekesha.

Nikakupiga. Nilikupokonya nikakupiga kwa mkono, kisha kwa sandali. Na nikasema maneno yale. Nayaandika tena ili tusijifanye hayakusemwa: "Unamuua baba yako! Weye njo unamuua!"

Yeye alisema, "Bibi, acha mutoto. Minyi njo niliomba." Sauti yake haikuwa na nguvu ya kufika kwako. Labda hukusikia. Leo nakufikishia: alisema yeye ndiye aliyeomba.

Alikufa mbele ya wiki tatu kuisha. Kwenye kilio, wanawake wote walipokuwa wanalia, wewe ulikaa peke yako karibu na ukuta unasugua vidole vyako kwa mchanga. Unasugua, unavitazama, unasugua tena. Watu walisema mtoto amechanganyikiwa kwa huzuni. Mimi nilijua unasugua nini. Nilikuwa na hatua kumi za kukufikia, na nilibaki nimekaa.

Sikurudi kuuza sigara tena. Nikachukua mashine ya kushona, na watu wakasema, Mama Numbi ana nguvu. Nikawa ninashona sare za watoto wa watu mpaka macho yanauma, ninaamka mbele ya majogoo, ninalala nimevaa kidole cha chuma cha kusukumia sindano. Lakini sindano moja niliisahau ndani ya nguo, na nguo hiyo ni wewe. Miaka sita unaivaa. Kila unapogeuka inakuchoma, nami naona inavyokuchoma, na najifanya natafuta uzi.

Basi sikiliza. Hukumuua baba yako. Yeye alikuwa amevuta kuanzia ujana wake, mbele hajanijua mimi wala wewe hujafikiriwa. Wewe ulimpa moja, na ulimpa pamoja na kicheko chake cha mwisho, ambacho mimi nilikikatiza. Katika nyumba yetu alikuwepo mtu mmoja tu aliyesoma yaliyoandikwa. Mtu huyo hakuwa wewe. Wewe ulikuwa umeambiwa ni mambo ya mvua, na ulikuwa unawakinga watu wote na mvua, kwa moyo wako wote. Kosa liko upande wangu. Likikujia usiku huko Likasi likigonga mlango, liambie limekosea nyumba, lije Kamina.

Na zile sigara tatu: nadhani najua. Mwaka jana, siku ya mvua za kwanza, nilikuona. Ulikuwa nyuma ya jiko, juu ya kinu kile kile, macho umefumba. Ulikuwa unavuta polepole, na unameza. Nilirudi ndani nikatembea kwa vidole vya miguu kama mwizi, kwa sababu nilijua nikikuuliza kwa nini unavuta, na wewe utaniuliza mambo yako. Huvuti kwa utundu. Unakwenda kumtembelea baba yako. Hata mimi, nikinusa moshi wa mtu njiani, mguu wangu unageuka wenyewe kabla sijakumbuka kwamba amekufa.

Kwa hiyo sitakuambia acha, kama redio inavyosema. Nitakuambia tu ninachojua kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilipoacha gare, mdomo wangu uliendelea kuitafuta ile sigara ya kulinda. Mwaka mzima nilikuwa nimekwisha kuacha, na jioni, saa ya train, vidole vyangu bado vinakutana. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi. Ilikuwa mbaya, kisha ikawa mbaya kidogo, kisha siku moja train ikapiga honi na mimi nikaendelea kushona pindo mpaka mwisho. Baba yako sikumpoteza zaidi kwa kuacha. Bado yuko kwenye ile njia ya reli kila ninapoota, na wewe mabegani. Kumtembelea hakuhitaji moto. Nimekuwekea vipande vya tangawizi pembeni ya kitambaa. Vimekauka, vinadumu.

Ningeweza kuzichukua zile tatu, valise iko mbele yangu. Lakini nilishawahi kukupokonya kitu mkononi kwa nguvu, na niliona mwisho wake.

Chini kabisa ya valise, chini ya viatu, nimeweka ile pakiti ya mzungu. Rangi zimefifia lakini maneno yanasomeka. Yasome mwenyewe. Kifaransa chako sasa kimepita changu. Na utakapokuwa mwalimu kweli, atakuja mtoto mbele yako na kidole chake juu ya neno. Kama hulijui, mwambie hulijui, hutapungukiwa. Kama unalijua, mwambie lilivyo, hata kama train inakatwa na watu wawili wanakuita.

Kesho tutasimama gare pamoja, mara ya kwanza tangu alipokufa. Kile kipande cha zege bado kipo, nilikwenda kukitazama juzi. Ukitaka, tutakaa juu yake. Usiogope nikilia, nina deni la siku ya kilio, na machozi yenyewe ni yako.

Nawasikia wadogo zako kwenye kona, wanabishana nani alikula zaidi. Lazima nifunge. Vitu ninavyohitaji umpe Papa Banza, yule wa train mwenye bega moja chini. Ni mtu mwaminifu, lakini funga vizuri kwa kamba.

Uzi mweusi, bobini mbili, na mweupe moja. Sindano za mashine, za namba kumi na nne. Za kumi na sita usitume, zinatoboa sare za watoto. Betri mbili kubwa za redio yetu, nisikilize wakubwa wa dunia wamefikia wapi. Picha yako moja na sare ya masomo, umesimama wima, usiinamishe kichwa. Pakiti moja tupu ya sigara zinazouzwa huko, okota tu chini. Nataka kuona kama na sisi wameshaanza kutuandikia.

Na zile sigara tatu, ndani ya kitambaa cha baba yako. Nimeziwekea alama ndogo ya kalamu, kwa hiyo usininunulie nyingine. Kama zimebaki tatu, tuma tatu. Kama zimebaki mbili, tuma mbili, sitauliza. Kama hakuna hata moja, nitumie kitambaa peke yake. Nitakifua, nitakipiga pasi, nitakurudishia.